Safari Isiyo na Mzigo Kichwani

Mwezi huu tunaleta jambo ambalo labda litawachekesha baadhi yetu: safari ya miguu ya siku nne milimani, kijiji hata kijiji, bila ndoo, bila kuni, bila gunia la mtama, na bila msiba wala harusi mwisho wa njia.

Hapa Mungaa mwanamke hahitaji kufundishwa kutembea. Tunakwenda kisimani, shambani, mashineni, kliniki Makiungu, mnadani na kanisani. Hatua zetu za mwaka mmoja zikijumlishwa, bila shaka tungeshafika baharini na kurudi. Lakini karibu kila hatua ina kitu juu yake: maji kichwani, mtoto mgongoni, au wasiwasi wa chungu tulichokiacha jikoni. Safari ndefu ambazo mama haulizwi sababu yake ni mbili tu, kuuguza na kuzika. Akienda kwa sababu nyingine ataitwa kiguu na njia, na jina hilo likishamshika halitoki kwa sabuni.

Sisi, akina mama sita wa hapa, tuliifanya safari hiyo mwezi wa Agosti mwaka jana. Mdogo wetu ana miaka 34, na mkubwa wetu ana wajukuu saba. Tumerudi tukiamini kwamba mama anayebeba mwaka mzima anastahili siku chache za kwenda mikono mitupu, na kwamba siku hizo hakuiibia nyumba yake. Yafaa tueleze njia ilivyo, jinsi nyumba inavyotunzwa mama akiwa hayupo, na mambo ya kutayarisha.

MILIMA YA VIJIJI

Watu wakisikia safari ya milimani hufikiri habari za Kilimanjaro, barafu na wapagazi. Iko namna nyingine. Kule Nepali, chini ya milima mirefu ya Himalaya, wageni wengi hawapandi kilele chochote. Hutembea taratibu kutoka kijiji hadi kijiji na kulala katika nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia. Sehemu moja inayopendwa sana huko ni Poon Hill, yenye mwinuko wa mita 3,210, nao huenda tu kutazama jua likichomoza juu ya theluji ya mbali.

Sisi Watanzania tunayo njia ya namna hiyo katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na njia ya kwenda Mtae haifiki popote mita 2,500. Hili ni jambo la faida, kwa sababu yale maradhi ya kupanda juu sana, ya kichwa kuuma na kutapika, aghalabu huanza kuanzia urefu huo. Anayeweza kupanda mlima na ndoo ya maji ataiweza njia hii. Tena haina upweke wa porini: ukitoka kwenye msitu unaingia shambani, ukitoka shambani unaingia uani kwa mtu.

Wageni kutoka nje wameijua njia hii kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la SNV la Uholanzi likishirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania lilianzisha mpango wa utalii wa utamaduni, na Lushoto ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza. Tangu hapo vijana wa pale wamekuwa wakiongoza wageni. Ni sisi wenyeji wa nchi tunaochelewa.

NJIA YENYEWE

Kutoka Mungaa tulipanda gari la asubuhi hadi Singida mjini, na kutoka huko basi la Arusha kupitia Babati. Tulilala Arusha. Kesho yake tulipanda basi la Dar es Salaam tukashuka Mombo, halafu gari dogo likatupandisha Lushoto, kilomita 33 za kona na maporomoko. Siku mbili za kukaa garini zinachosha kuliko kutembea, kwa hiyo mtu asizidharau.

Siku ya kwanza ni ya kunyoosha miguu. Tulikwenda Irente, mwendo usiofika saa mbili, ambako mlima unakatika ghafla na bonde la Mazinde linaonekana chini kabisa, karibu mita 1,000. Karibu na hapo liko shamba la Kanisa la Kilutheri linalouza mkate, jibini na jamu. Sisi tuliozoea nchi tambarare yenye mawe makubwa tulikaa kimya muda mrefu ukingoni pale.

Siku ya pili ndiyo ndefu kuliko zote. Njia hupanda katika msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia, na mgeni hulipa kiingilio na kwenda na kiongozi. Mle ndani kuna miti mikubwa ya mikulo na mipodo, na mbega weusi wenye mabega meupe wakirukaruka juu. Katika milima hii ndiyo kwao ua dogo la zambarau ambalo ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Leo akina mama wa nchi nyingi wanalitunza kwenye vyungu madirishani. Jioni tukafika Lukozi, penye soko kubwa la mboga: kabichi, karoti na viazi vinavyosafirishwa hadi Dar es Salaam.

Siku ya tatu ni ya mabonde na vijito hadi Rangwi. Hapo masista Wakatoliki wana nyumba inayopokea wageni, safi na yenye bustani. Siku ya nne njia hufuata migongo ya milima hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa Usambara kama mtu aliyekaa kibarazani. Chini ni mbuga ya Mkomazi, ng'ambo ni milima ya Upare, na siku isiyo na mawingu hata Kilimanjaro huonekana. Mabasi ya kurudi Lushoto huondoka Mtae alfajiri sana, kwa hiyo inabidi kulala mapema.

WENYEJI WETU

Wasambaa wana masimulizi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Alipokuwa mchanga aliota meno ya juu kwanza, na kwa sababu hiyo akahesabiwa kuwa kigego. Jamaa zake hatimaye wakamfukuza. Alipofika Usambara aliwaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shambani. Mwisho watu wakamfanya mfalme wao huko Vuga, kusini mwa Lushoto, na ukoo wake ndio Wakilindi waliotawala milima ile. Mtoto aliyekataliwa kwao kwa ajili ya meno akapokelewa ugenini! Kila mama aliyewahi kusikia mtoto wake akisemwa vibaya atalielewa jambo hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini wenyeji wana kazi, na mgeni hana budi kuona kazi yao. Miteremko ya upande wa Mlalo, ambako wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo mwaka 1891, ilitufundisha jambo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha huko mpango wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, ikawalazimisha watu kulima matuta. Sehemu kubwa ya jasho iliwaangukia wanawake. Watu walilipinga jambo hilo kwa nguvu, na kabla miaka ya 1950 haijaisha ulazimishaji ukaachwa. Tunapoyasifu mashamba mazuri ya mlimani tusisahau migongo iliyoinama pale.

Karibu na Lukozi tulikutana na mama mmoja ana tenga la kabichi kichwani na mtoto mgongoni. Tulimwamkia "onga maundo" kama kiongozi wetu alivyotufundisha, akacheka jinsi tulivyotamka. Akauliza tunakwenda wapi. Tukasema tunatembea tu.

"Mmefiwa?"

"Hapana, dada."

"Basi mna raha."

Hakusema kwa ubaya, lakini neno lilituingia. Tulitembea naye hadi sokoni, na lile tenga likapita kwa zamu juu ya vichwa vyetu. Njiani alituambia bei ya kabichi inavyoshuka siku ambazo malori ni machache, na sisi tukamwambia habari za vitunguu na alizeti zetu. Ilikuwa habari ile ile. Tangu hapo tulijiwekea utaratibu: kumpisha njia mwenye mzigo, kusalimu kwanza, kununua chakula kwa wanawake wa pale bila kugandamiza bei, na kutopiga picha ya mtu bila ruhusa yake. Na kwa kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, jioni ya Rangwi tulimenya viazi pamoja na wenyeji.

NYUMBANI ABAKI NANI?

Hili ndilo swali lenyewe, na tunajua kuwa wengi mmelingoja. Mume wa mwenzetu mmoja alikataa kwa miezi miwili. Aliogopa maneno ya watu, tena aliliogopa jiko. Mwenzetu hakugombana wala kutoroka. Aliandika kwenye daftari kila siku na kazi zake: nani atachota maji, nani atakamua, unga uko wapi, mtoto mwenye pumu apewe dawa gani na saa ngapi, jirani gani aitwe usiku. Halafu akampa mumewe alisome. Baba yule alisoma mpaka mwisho, akauliza, "Haya yote ni ya siku moja?" Kisha akaruhusu. Tuliporudi tulikuta kijana mkubwa wa nyumba ile anachota maji kwa madumu matatu ya baiskeli, na mpaka leo anaendelea. Kumbe baba mwenyewe alikuwa amekwenda kisimani siku mbili.

Jioni ya kwanza Lushoto, mwenzetu mwingine alilia mezani. Tulidhani ni mgonjwa. Alisema kwamba katika miaka kumi na tisa ya ndoa yake hakuwahi kula chakula cha jioni ambacho hakukiinjika mwenyewe, isipokuwa alipokuwa amelazwa. Tangu usiku ule hakuna kati yetu aliyeuliza tena kama safari hii ilikuwa na maana.

Hatusemi kila mama aondoke kesho. Mwenye mtoto anayenyonya angoje. Mwenye mimba aulize kwanza kliniki. Mwenye mgonjwa nyumbani ajipime moyo wake na hali ilivyo. Ambaye hawezi kabisa kwenda mbali, na apange na wenzake siku moja ya kutembea hapa hapa kwetu, kupanda mawe na kula chakula kilichopikwa na wengine. Na atakayeitwa kiguu na njia akumbuke kuwa Maria naye alifunga safari kwenda milimani kwa jamaa yake Elizabeti, akakaa huko miezi kama mitatu.

MAMBO YA KUTAYARISHA

Wakati. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, na kwetu mavuno yamekwisha ingia ghalani. Wakati wa masika njia za Usambara huteleza sana.

Fedha. Sisi tuliweka kidogo kidogo kwa miezi kumi, fedha za kuku na za alizeti, katika kisanduku chenye kufuli mbili na watunza funguo wawili. Ulizeni mapema nauli, malazi, kiongozi na kiingilio cha msitu, na muongeze akiba ya kurudi haraka ikibidi.

Nguo. Usiku wa Julai na Agosti kule ni baridi kali kwa mtu wa Singida. Chukua sweta, soksi, kitenge cha kujifunika, koti la mvua na raba ulizokwisha kuzivaa mwezi mzima. Raba mpya huchubua.

Afya. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, kwa hiyo kata fimbo ya kuegemea na ushuke polepole. Mwenye dawa za shinikizo la damu azibebe za kutosha. Vitambaa au pedi ziwemo, hata kama siku zako bado.

Mzigo. Usizidi kilo sita au saba, na ukae mgongoni. Kichwa kipumzike.

Mwenendo. Mwendo uwe wa aliye mpole kuliko wote. Sisi tulimtanguliza bibi yetu mwenye wajukuu saba, na hakuna aliyechoka kupita kiasi.

Mama mpendwa, fikiri jambo hili pamoja na jirani yako, na umshirikishe baba watoto mapema, wakati hakuna ugomvi ndani ya nyumba. Anza na lile daftari. Hata kama safari itachelewa mwaka mzima, kazi zako zitakuwa zimeandikwa, na huenda kuna mtu nyumbani ambaye hajawahi kuzisoma.

Tuonane mwezi ujao.