Plugini inakataa kufunguka: kosa si la yule mwenye kukaa mbele ya ordinatere

Mu siberi za Goma, Butembo, Bukavu ao Lubumbashi, kuko ujumbe moja wenye kuchosha watu karibu sawa na umeme wenye kukatika: «plugini haikufunguka». Wakati ingine ni kisanduku cha rangi ya majivu tu katikati ya ukurasa. Wakati ingine ni maneno ya Kifaransa ao ya Kiingereza yenye kuomba mutu aweke kwanza Flash Player, ao Java. Mwanafunzi amekwisha kulipa saa yake, mega zinaisha, na maandikisho ya burse yanafungwa saa sita ya usiku. Na karibu kila mara, mwenye kulaumiwa ni yeye: hajui ordinatere, alifinya vibaya, arudilie.

Kumulaumu namna hiyo si haki, na kunaleta hatari. Mwanafunzi mwenye kuambiwa kwamba kosa ni lake atatafuta dawa yeye mwenyewe, na dawa yenye atapata haraka sana ku intaneti inaweza kuwa sumu.

Kwanza, plugini ni nini? Ilikuwa programu ndogo yenye kuingizwa ndani ya navigatere (ni kusema Chrome, Firefox na zingine za namna hiyo) kusudi isaidie kufanya mambo yenye navigatere yenyewe haikujua: kucheza video, kuonyesha michoro yenye kutembea, kufungua formilere yenye kujihesabia. Flash ilianza mu mwaka wa 1996 na ikaenea dunia nzima. Lakini ilikuwa pia sawa na mulango wenye kufuli mbovu. Kila mara watengenezaji walikuwa wanaziba tundu moja, na wezi walikuwa wanapata ingine.

Ni kwa sababu hiyo plugini zilianza kufukuzwa moja kisha ingine. Mu mwaka wa 2014, kanuni mupya ya kuandika kurasa za intaneti, HTML5, ilikamilishwa. Kwa njia hiyo navigatere iliweza kucheza video na kuonyesha michoro bila kuomba musaada. Mu 2015 Chrome ilifunga mulango kwa plugini za zamani, Java na Silverlight ndani yake. Firefox ikafanya vilevile mu 2017. Flash peke yake ndiyo iliongezewa siku. Mu mwezi wa 7 wa mwaka huo wa 2017, kampuni Adobe, yenye kuwa na Flash, ilitangaza kwamba itaacha kuitunza tarehe 31 mwezi wa 12, 2020. Siku hiyo ilifika, na kuanzia tarehe 12 mwezi wa 1, 2021, Flash yenyewe ilianza kukataa kufungua kitu chochote.

Maana yake ni wazi. Ku navigatere ya siku hizi, mutu anaweza kushusha Flash mara kumi, azime ordinatere na kuiwasha tena, abadilishe kiti na siberi: haitafunguka. Maiti haiamushwe kwa kupigiwa kelele.

Lakini wanaoitafuta wangali wengi, na wenye kutega mitego wanajua hilo vizuri. Tarehe 24 mwezi wa 10, 2017, virusi yenye kuitwa Bad Rabbit ilienea zaidi sana mu Urusi na mu Ukraine. Ilipitia wapi? Ku site za kawaida zenye watu walizoea kusoma kulitokea kisanduku chenye kusema: «fanya Flash Player yako kuwa mupya». Mutu alikubali, na kisha muda kidogo mafaili yake yote yalifungwa, akaombwa kulipa pesa ya bitcoin kusudi afunguliwe. Hata metro ya Kyiv na uwanja wa ndege wa Odesa viliguswa. Wakati ule Flash ilikuwa ingali hai, na kulikuwa hata sababu ya kuamini ujumbe wa namna hiyo. Leo hakuna. Kisanduku chochote chenye kuomba kuweka Flash mupya ni uongo, na si lazima mutu awe fundi ili ajue hilo.

Hatari hiyo inakuwa kubwa zaidi mu siberi kuliko mu nyumba ya mutu. Ordinatere moja ya siberi inapokea mu siku moja funguo za USB za watu wengi, na ndani ya funguo hizo kuko nini? TFC ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, hesabu za duka, diplome zenye kuskaniwa, liste ya washirika wa likelemba. Wengi hawana kopi ingine popote. Virusi ikiingia kupitia Flash ya uongo saa nne ya asubuhi, jioni inaweza kuwa imekwisha kufika mu mitaa mitatu.

Vijana wenye kusimamia siberi wanajitetea, na kwa sehemu wako na haki. Mukiriya analipa kusudi ukurasa ufunguke, si kusudi afundishwe historia ya Flash. Mashini nyingi zilifika kama okazioni kutoka Ulaya ao Dubai, na nyingi zingali na Windows 7, yenye Microsoft iliacha kutunza mu mwezi wa 1, 2020. Chrome ya mwisho yenye kukubali Windows 7 ni nambari 109. Ku Firefox ni nambari 115. Kununua mashini mupya si jambo la kusema tu. Hata vile, kuko tofauti kati ya kukosa uwezo na kuuza mutego. Kijana mwenye kuweka «Flash ya 2024» yenye alipata ku site isiyojulikana, na kuomba franga juu ya kazi hiyo, hamusaidie mukiriya wake.

Kitu chenye angefanya ni kusoma ujumbe wenyewe, neno kwa neno, kwa sababu si kila ujumbe wenye kusema plugini unazungumuzia maiti. Kuko pia nyongeza, zile ekstansio ndogo zenye zingali hai ndani ya Chrome na Firefox: ya kuzuia matangazo, ya kutafsiri, ya kutunza maneno ya siri. Hizo zinaweza kukataa kufunguka kwa sababu zenye kutengenezeka, na kutafuta sababu hiyo hakuombe pesa. Afungue ukurasa uleule mu dirisha la siri. Pale nyongeza hazitumike, isipokuwa zile zenye mutu aliruhusu yeye mwenyewe. Ukurasa ukifunguka vizuri mu dirisha hilo, basi moja kati ya nyongeza ndiyo inasumbua; azizime zote, kisha aziwashe moja moja mupaka aone ni ipi. Kama ukurasa hata mu dirisha la siri hautaki, aangalie kama navigatere ni ya zamani sana na aifanye mupya kutoka ku site ya wenye kuitengeneza, si kwingine. Na kama kisanduku cha majivu kilikuwa mahali pa faili ya PDF, hakuna haja ya plugini hata kidogo, kwa sababu Chrome na Firefox zinasoma PDF zenyewe. Inatosha kushusha faili na kuifungua pembeni.

Kisha kuko saa. Jambo hili linasahauliwa sana, na ni mu miji yenye umeme wa kukatika-katika ndio linaonekana zaidi. Ndani ya ordinatere kuko pile ndogo ya muviringo, sawa na kifungo cha koti, yenye kutunza tarehe wakati mashini imezimika. Pile hiyo ikikufa, mashini inaamuka ikifikiri kwamba ni mwaka wa 2009. Sasa, site na nyongeza zinajitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashini yenye kuishi mu 2009 inaona kwamba cheti cha leo hakijaanza, na inakataa kila kitu. Mutu anahangaika na plugini saa nzima, kumbe ni tarehe pembeni ya ekra ndiyo ilikuwa ya kurekebisha.

Vyeti hivyo vinaweza kuangusha hata wakubwa. Tarehe 4 mwezi wa 5, 2019, watumiaji wa Firefox dunia nzima waliona nyongeza zao zinazimika bila wao kugusa kitu. Cheti kimoja cha Mozilla, wenye kutengeneza Firefox, kilikuwa kimeisha na hakuna mutu alikifanya mupya kwa wakati. Mamilioni ya watu walifikiri kwamba mashini zao ziliharibika. Cheti kingine kiliisha tarehe 14 mwezi wa 3, 2025, na mara hiyo Mozilla ilionya mapema: Firefox za zamani zitapata shida na nyongeza, basi watu wazifanye mupya. Ni siberi ngapi zilisikia onyo hilo?

Lakini hayo yote ni ya kusafisha nyuma ya wengine. Kosa kubwa liko kwa wenye site. Ofisi, shule ao shirika lenye kutangaza kwamba «maandikisho ni ku intaneti tu», kisha linaweka formilere yenye kutegemea plugini yenye ilikufa, limefunga mulango na kutupa ufunguo. Na mulango huo ulikuwa umefungwa zamani kwa watu wengi wa mashariki mwa Congo, kwa sababu wengi wanaingia ku intaneti kwa simu, si kwa ordinatere. iPhone haikukubali Flash hata siku moja. Ku Android, Adobe yenyewe iliondoa Flash mu duka la Google mu mwezi wa 8, 2012. Mwenye kutengeneza formilere ya Flash kisha pale alikuwa anaambia mutu wa simu waziwazi: wewe hauhesabiwe.

Aibu hiyo haiko ya Congo peke yake. Mu Afrika ya Kusini, ofisi ya kodi, SARS, ilifika mwezi wa 1, 2021 ingali na formilere zenye kutaka Flash. Dawa yake ilikuwa ya kushangaza: ilitengeneza navigatere yake yenyewe, ya Windows, kusudi watu waendelee kutumia Flash yenye dunia nzima ilikuwa inazika. Tangazo la Adobe lilikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu. Mu Korea ya Kusini, inchi yenye kusifiwa sana kwa intaneti ya mbio, watu walifungwa kwa miaka mingi ku navigatere moja, Internet Explorer, kwa sababu benki na maduka yalidai plugini ya ActiveX mbele ya kulipa. Mu 2014 ilibidi hata rais wa inchi alalamike hadharani: wageni walipenda nguo zenye waliona mu filme ya Kikorea, na hawakuweza kuzinunua.

Kuko wenye kujibu kwamba shule za huku hazina pesa ya kutengeneza site mupya. Ni kweli kwa zingine. Lakini formilere ya kawaida ya HTML, yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kuweka diplome, haina gali kuliko ile ya plugini. Ni nyepesi zaidi, na inakula mega kidogo. Kinachokosekana mara nyingi ni jambo dogo kabisa: mutu mumoja mu ofisi achukue simu ya bei ya chini, aondoe Wi-Fi, na ajaribu kujaza formilere yao mupaka mwisho mbele ya kuitangaza ku redio. Yule mwenye kutia sahihi ku tangazo ndiye angepaswa kufanya jaribio hilo.

Kuhusu masomo ya zamani yenye yalitengenezwa na Flash, zile CD za biolojia na za hesabu zenye walimu fulani wangali wanatunza mu kabati, kuko njia safi. Programu yenye kuitwa Ruffle, ya bure, inafungua mafaili mengi ya Flash bila kuwa na Flash yenyewe. Internet Archive inaitumia tangu mwezi wa 11, 2020 ili kuokoa michezo na michoro ya zamani. Haifungue kila kitu, lakini inaweza kukaa ku ordinatere na kufanya kazi bila intaneti. Mwalimu wa Beni ao wa Kindu mwenye kuweka Ruffle mara moja anaweza kuonyesha darasa lake namna moyo unasukuma damu, bila kutumia hata mega moja.

Mupaka wenye site wabadilike, mwanafunzi mwenye kukutana na kisanduku cha majivu usiku wa mwisho afanye jambo moja mbele ya saa sita: apige picha ya ekra, tarehe na saa zionekane, pamoja na adrese ya ukurasa. Aitume kwa barua-pepe ya ofisi yenye ilitangaza burse usiku uleule, na kesho asubuhi apeleke dosie ya karatasi pamoja na picha hiyo, aombe muhuri wa kupokelewa. Na ofisi yenye formilere yake haikufunguka haina haki ya kumuambia kwamba alichelewa.