Kuacha gongo ghafla: hatari inayofichwa na msimu wa korosho

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa korosho unapowadia katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, vitu viwili huingia vijijini kwa pamoja: fedha na pombe. Korosho hupelekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Bibo, lile tunda linalobeba korosho, hubaki shambani. Hukamuliwa, maji yake yakachachuka na kuwa uraka, na uraka ukichemshwa na mvuke wake kukingwa hutoka gongo, ambayo watu wengi wa kusini huiita nipa.

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu pombe hiyo umekuwa juu ya namna ya kuizuia. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inakataza kuitengeneza bila leseni. Februari 2017, Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo na Mbunge wa Ruangwa, alitangaza marufuku ya pombe kali za viroba, iliyoanza kutekelezwa Machi 1 mwaka huo.

Hatua hizo zinamlenga mtengenezaji na muuzaji. Ambaye hajapata nafasi katika mjadala ni mnywaji mwenyewe. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka kumi, chupa ikiondolewa leo asubuhi, mwili wake utakuwa katika hali gani keshokutwa?

Jibu la kitabibu huwashangaza wengi. Kwa mtu aliyezama katika ulevi, kuacha pombe ghafla bila uangalizi kunaweza kumuua. Heroini, ambayo jamii inaiogopa zaidi, humtesa mno anayeiacha lakini ni nadra mateso hayo yenyewe kumtoa roho. Pombe, inayonyweka hadharani chini ya mkorosho, inaweza.

Mwili unapodai

Sababu yake iko kwenye ubongo. Pombe hupooza kazi za ubongo, nao hujitetea kwa kujichochea zaidi ili mtu aweze kusimama, kusema na kufanya kazi akiwa amelewa. Ni sawa na dereva aliyezoea kukanyaga mafuta huku breki imeshikwa. Pombe ikikatika kwa mara moja, breki imeachiwa, lakini mguu ungali juu ya mafuta.

Dalili za kwanza hujitokeza kati ya saa 6 na 24 tangu funda la mwisho. Mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu hata usiku wa baridi, moyo humwenda mbio, hutapika na usingizi humkimbia. Wengi huitibu hali hiyo kwa glasi moja ya asubuhi, ile inayoitwa ya kutoa loki, na kutetemeka kukaisha. Ahueni hiyo ndiyo ushahidi kwamba mwili umeshakuwa mtumwa.

Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuugua ugonjwa huo. Wengine husikia sauti au kuona wadudu wakitambaa ukutani. Kisha, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, huja hatua inayoogopwa na madaktari kuliko zote. Mgonjwa huchanganyikiwa, hajui alipo wala saa ngapi, huweweseka, hupigana na watu asiowaona, joto lake hupanda na mapigo ya moyo hukosa utulivu.

Hatua hiyo huwapata wachache, takriban watano katika kila mia moja ya wanaopata dalili za kuacha pombe. Zamani, kabla ya tiba ya kisasa, iliua hadi theluthi moja ya waliopatwa nayo. Ikitambuliwa mapema na kutibiwa hospitalini, vifo hushuka hadi chini ya watano kati ya mia.

Hapa ndipo mazingira ya Nachingwea na Ruangwa yanapoongeza ugumu wake. Lindi ni mkoa wa malaria. Mtu mwenye joto, anayetetemeka na kuweweseka, akili ya kwanza ya kila mtu nyumbani ni homa hiyo, na wakati mwingine ni kweli, kwa kuwa malaria iliyopanda kichwani hufanana mno na hali hii. Mwingine akiona mgonjwa anazungumza na watu wasioonekana, atasema amerogwa au ana mashetani, na safari ya kwa mganga huanza. Siku mbili zinazopotea njiani ndizo hasa ambazo mgonjwa hakuwa na nafasi ya kuzipoteza.

Kipimo cha haraka cha malaria hujibu kwa dakika chache. Lakini jibu hilo halitoshi iwapo hakuna aliyemwambia mganga wa zamu kwamba mgonjwa alikuwa mnywaji wa kila siku na kwamba hajanywa tangu juzi. Familia nyingi huficha habari hiyo kwa aibu. Inaeleweka, ila ni aibu yenye gharama kubwa.

Wiki moja wodini

Tiba ya kuondoa sumu ya pombe mwilini, kinyume na inavyodhaniwa, haihusu kusafisha damu wala kunyweshwa dawa za kuharisha. Ini lenyewe huiondoa pombe yote katika muda usiozidi siku moja au zaidi kidogo. Kazi ya hospitali ni kuushusha ubongo polepole kutoka kwenye kilele ulichojipandisha.

Dawa kuu ni dayazepamu, ambayo Watanzania wengi huijua kwa jina la Valium, au nyingine za jamii yake. Hutolewa kwa wingi siku ya kwanza, kisha hupunguzwa kila siku hadi kuisha, kwa kawaida ndani ya siku tano hadi saba. Muuguzi hurudi kitandani kila baada ya saa kadhaa kupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto, jasho na kutetemeka, na kumuuliza mgonjwa maswali mepesi kama leo ni siku gani. Kiwango cha dawa hupanda au kushuka kufuatana na majibu hayo. Mwenye ini lililoharibika hupewa dawa ya aina nyingine katika jamii hiyohiyo, kwa sababu dayazepamu ingemkalia mwilini muda mrefu mno.

Jambo la pili ni vitamini B1, yaani thayamini. Mlevi wa muda mrefu hali vizuri, na pombe huzuia utumbo kuifyonza vitamini hiyo. Ikipungua sana, macho huchezacheza, miguu huyumba na kumbukumbu hupotea, pengine kwa maisha yote. Jamaa wa mgonjwa wanapaswa kulijua hili, kwa kuwa desturi iliyoenea ni kumtundikia mtu dhaifu dripu ya glukosi akafungiwa kazi. Kwa mnywaji mkubwa, glukosi pekee bila thayamini inaweza kulichochea tatizo hilo badala ya kulizuia.

Siku ya kwanza na ya pili mgonjwa atakuwa mkali, atataka kutoroka na atawalaumu waliomleta. Siku ya tatu ndiyo ya kukesha. Kufikia siku ya tano wengi hula, hulala na huanza kuona haya. Chumba chenye utulivu na mwanga wa kutosha husaidia, kwani giza huzidisha maruweruwe. Ndugu mmoja anayejulikana kwa mgonjwa, aliyekaa pembeni akimwita kwa jina, ni sehemu ya tiba kamili.

Dayazepamu na thayamini zimo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na zote ni dawa kongwe za bei nafuu. Tangu mwaka 2008 shirika hilo lina mpango wa kuwawezesha watumishi wa afya wasio mabingwa kutibu magonjwa ya akili na ulevi katika ngazi za chini. Kwa nchi ambayo madaktari bingwa wa akili ni wachache na wengi wao wako mijini, huo si mpango wa anasa. Hospitali ya wilaya yenye kitanda, muuguzi aliyefundishwa na dawa hizo mbili inaweza kuivusha sehemu kubwa ya wagonjwa. Wenye historia ya kifafa, waliowahi kuweweseka walipoacha pombe, wajawazito na wenye ugonjwa mwingine mzito ndio wa kufikiriwa rufaa mapema, iwe Hospitali ya Sokoine mjini Lindi au Ndanda wilayani Masasi.

Jambo moja lisifanyike kabisa: kununua dayazepamu dukani na kumpa mgonjwa nyumbani ilhali bado anaonja pombe. Viwili hivyo vikikutana vinaweza kusimamisha pumzi.

Mahabusu na mwezi wa mfungo

Wapo wanaoacha bila kupanga. Mnywaji aliyekamatwa katika msako wa gongo anaweza kulala mahabusu siku mbili tatu, na hizo ndizo siku za hatari. Akianza kutetemeka ataonekana mwoga. Akianza kupayuka ataonekana mkorofi. Msako usioambatana na mpango wowote wa afya humhamishia mraibu mahali pabaya zaidi pa kuachia pombe. Halmashauri zinapopanga operesheni za namna hiyo, idara ya afya ingekuwa na sababu ya kutosha ya kukaa mezani na polisi, walau kuwafundisha askari wa zamu dalili zipi ni za kumkimbiza mtu hospitalini.

Wapo pia wanaoacha kwa heshima ya imani. Katika wilaya hizi zenye Waislamu wengi, baadhi ya wanywaji huweka glasi chini usiku wa kuamkia Ramadhani; Wakristo nao wana Kwaresma yao. Nia ni njema, bali mwili haujui kalenda. Anayekata pombe ghafla na siku hiyohiyo akakaa bila maji tangu alfajiri huongeza ukavu juu ya jasho na kutapika. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku zake baadaye. Imamu au padri anayemjua muumini wake angeweza kumpeleka hospitali wiki moja kabla, na akaufikia mfungo akiwa mzima.

Kwa vijana wanaotumia unga hali ni tofauti kidogo. Kijana akishindikana Dar es Salaam, familia humrudisha kijijini ili kumtenga na maskani. Arosto huanza kati ya saa 8 na 24 tangu alipotumia mara ya mwisho: mafua, miayo, maumivu ya mifupa, kuharisha na vipele vya baridi. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupoa ndani ya siku kumi. Akinywa maji ya kutosha na kutunzwa atavuka. Hatari yake iko mbele: mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga umepoteza uzoefu, na akirudi jijini akatumia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyohiyo.

Ndiyo maana Tanzania, kuanzia Muhimbili Februari 2011, ilichagua methadoni, dawa ambayo mraibu hunywa kila siku mbele ya mtumishi wa afya. Huduma hiyo ilienea Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani kama Dodoma, Mwanza, Mbeya na Tanga. Ni tiba ya kila siku kwa miezi na miaka, hivyo kumrudisha kijana shambani Nachingwea ni kumtoa pia kwenye foleni ya dawa yake. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hutoa maelekezo bila malipo kupitia simu namba 119.

Baada ya kuruhusiwa

Siku ya saba mgonjwa wa pombe huruhusiwa kurudi nyumbani. Sumu imetoka, lakini uraibu haujatoka. Usingizi mbovu, hasira na hamu ya kunywa vinaweza kudumu kwa wiki au miezi, na wengi hurudi kwenye chupa wasipopata ushauri nasaha na mtu wa kuwafuatilia. Kila anayerudia na kuacha tena huelekea kupata dalili kali kuliko mara iliyotangulia, kwa hiyo aliyevuka salama mwaka jana bila hospitali asijiaminishe kwamba na mwaka huu atavuka.

Aidha, nyumbani anakorudi kuna uraka. Mara nyingi anayeupika ni mama, mke au dada, na fedha zake ndizo zinazonunua daftari na kulipa mashine ya kusaga wakati malipo ya mnada hayajafika. Kumwambia aache biashara hiyo kwa ajili ya mgonjwa mmoja ni kumwomba alishe nyumba kwa kitu kingine ambacho hakuna aliyemwonyesha. Ushauri nasaha unaomhusu mgonjwa peke yake, bila kumwita mama huyo kitini, hushughulikia nusu ya jambo.

Wala kumalizika kwa msimu si nafuu kubwa. Mabibo hukaushwa juani na kuhifadhiwa, na pipa la gongo huendelea kuchemka hata wakati mikorosho haina tunda.