Mpeni Ndizi, Acheni Kumzomea

JICHO LA KISUGU
Na Mama Kisugu

Anayeishiwa nguvu juu ya baiskeli ana njaa. Si mwoga, si mvivu, wala hajakosa malezi. Nayasema haya mapema kwa sababu niliyoyaona Jumapili hapa kwetu Kisugu, Kampala, hayajanitoka rohoni.

Kundi la waendesha baiskeli wa kujifurahisha lilikuwa linarudi kutoka Ggaba. Walikwisha kupanda Buziga, wakateremka Munyonyo, na sasa walipita Kisugu kwenda kumalizia Muyenga, ule mlima wa matangi ya maji. Saa nne asubuhi ilikuwa inapita, nao walikuwa barabarani tangu saa kumi na mbili. Nyuma yao kijana mmoja aliyumba, akashusha gia mpaka ya mwisho, akayumba tena, kisha akaweka mguu chini. Jasho lilikuwa la baridi, na mikono ilitetemeka juu ya usukani. Kiongozi akageuza shingo, akapuliza filimbi, akapaza sauti: "Kaza moyo! Usiwe legelege!" Halafu akaendelea kupanda. Wenzake wakamfuata, wawili wanacheka.

 

Moyo wa yule kijana haukuwa na kosa lolote. Kilichomwishia ni sukari. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, kama gramu 500 hivi kwa mtu mzima, na anayekanyaga pedali kwa bidii huweza kuimaliza ndani ya saa mbili. Mafuta yapo, hata kwa mtu mwembamba, lakini huungua polepole mno kuweza kumpandisha mtu mlima kwa kasi ya kundi. Ubongo nao hutegemea sukari iliyomo kwenye damu. Ikipungua, mtu huchanganyikiwa, hukasirika bila sababu, macho yakaona giza. Kumwambia akaze moyo wakati huo ni kulifokea jiko lililokwisha mkaa.

Mama anayekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kando ya barabara hakuhitaji somo hilo. Aliishika baiskeli, akamketisha kijana kwenye kreti la soda, akampa ndizi ndogo tamu na chupa ya soda baridi. "Kula kwanza, mwanangu, maneno baadaye." Chupa moja ya soda ina kama gramu 30 za sukari. Wataalamu wa michezo hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa katika safari ndefu, na kijana huyu alikuwa ametoka nyumbani na chupa ya maji matupu, bila hata chai. Kwa nini? Kwa sababu kundini waliambiwa kwamba kuendesha na tumbo tupu kunamkomaza mtu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Upuuzi huu umeletwa na jezi za bei kali. Watu wanaosukuma baiskeli zilizosheheni mikungu ya matooke kuelekea Namuwongo hawaanzi kazi bila kitu tumboni. Wawekee kikomando, chapati kwa maharage, mbele yao uone kama maharage yatabaki. Hawajahitaji mtu wa kuwafundisha kwamba kilima hupandwa kwa chakula. Lakini mtu akishanunua miwani myeusi na viatu vinavyonasa kwenye pedali, anaona chapati ni aibu.

Basi wamwangalie bingwa wanayemwabudu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alikuwa amevaa jezi ya njano ya Tour de France mwaka 2013 alipoishiwa nguvu kwenye mlima wa Alpe d'Huez. Mwenzake Richie Porte alirudi kwenye gari la timu akamletea sukari. Walikuwa wamekwisha kupita mahali pa mwisho panaporuhusiwa kuchukua chakula, kwa hiyo kila mmoja alitozwa adhabu ya sekunde 20. Froome akala, akapokea adhabu, akashinda mashindano yote. Hakuna aliyempulizia filimbi. Na Kigali, Septemba 2025, kwenye mbio za wanaume za ubingwa wa dunia, walianza zaidi ya 160 na waliofika mwisho ni 30 tu. Vilima vya jirani zetu viliwashusha wanaolipwa kuendesha baiskeli. Nani ana ujasiri wa kwenda kuwaita legelege?

Baada ya kama robo saa rangi ilimrudia kijana usoni. Nikadhani atamlaani kiongozi wake. Badala yake aliinamisha kichwa akasema, "Samahani, mama, nimewaaibisha wenzangu." Nilishindwa kumjibu. Mtu ameachwa peke yake mlimani, anatetemeka, kwenye barabara ambayo bodaboda hazimsubiri anayeyumba, na anayeomba radhi ni yeye!

Kiongozi, najua gazeti hili linakufikia. Ukiwachukua watu asubuhi, waulize wamekula nini, na asiyekula mrudishe akanywe chai. Mlimani kaa nyuma kabisa, pamoja na anayechoka, na mifuko ya jezi yako ijae ndizi. Filimbi mwachie trafiki. Soda ya Jumapili nimeilipa mimi, hiyo usijali. Lakini mpigie kijana simu leo hii umwombe radhi, maana alipoondoka hakupanda baiskeli yake. Aliisukuma, akimuuliza kila fundi njiani kama anamjua mtu wa kuinunua.