Mnara wa Mita 4,096 Usio na Uzito

Kijana wa sekondari aliyeko Mabibo anaweza leo kuketi mbele ya kompyuta na kusimamisha jumba angani, juu kuliko mnara wowote uliopata kujengwa duniani, bila kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Katika Second Life, ulimwengu wa kubuni uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mwaka 2003, ujenzi huruhusiwa hadi kimo cha mita 4,096. Katika mchezo wa Minecraft kikomo, tangu mwaka 2021, ni matofali 320 juu ya alama ya sifuri, na kila tofali huhesabiwa kuwa mita 1.

Wapo walimu wanaoliona jambo hili kuwa ni upotevu wa wakati. Wamekosea, ingawa si kwa sababu inayotolewa na mashabiki wa michezo hiyo. Mashabiki hudai kwamba inafundisha ujenzi. Haifundishi. Katika Minecraft, tofali la chini likiondolewa, nguzo iliyobaki huelea hewani. Ni vitu vichache tu, kama mchanga na kokoto, vinavyoanguka.

Thamani ya mnara huo kwa mwalimu wa fizikia imo katika kile kilichokosekana. Na aupe uzito. Ichukuliwe nguzo ya zege iliyonyooka, yenye msongamano wa kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Kanieneo kwenye kitako chake ni zao la msongamano, mchapuko wa mvutano na kimo: takriban niutoni milioni 96 kwa kila mita ya mraba. Zege la kawaida la majengo huvunjika kwenye niutoni milioni 25 hivi. Basi nguzo hiyo ingejiponda yenyewe kabla ya kufika mita 1,100. Wala kuinenepesha hakusaidii kitu, kwa kuwa uzito huongezeka sawasawa na eneo la kitako. Hapa ndipo wanafunzi wengi hubishana, na ubishi huo una faida kuliko nusu saa ya kunakili ubaoni.

Ajabu ni kwamba kompyuta nayo ina shida na vimo vikubwa. Programu nyingi za michezo huandika mahali pa kitu kwa namba yenye tarakimu 24 tu za mfumo wa mbili. Kadiri namba inavyokua, pengo kati yake na inayofuata hupanuka. Kwenye mita 4,096 pengo ni karibu nusu milimita. Kwenye kilometa 100 ni karibu milimita 8. Zaidi ya mita milioni 16.8, hata mita nzima haziandikiki zote. Ndiyo maana vitu vilivyo mbali mno na alama ya sifuri huonekana vikitetemeka kwenye kioo. Hilo ni somo zuri la hisabati.

Hewa pia imesahauliwa. Hapo hapo Mabibo kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha pamoja na mengine uhandisi wa matengenezo ya ndege, na fundi wa ndege hawezi kupuuza kwamba hewa hupungua kadiri ya kupanda. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mjenzi wa Second Life halihisi jambo hili. Wala, kwa kweli, hafiki huko, maana kikomo chake kiko chini ya kibanda cha Kibo.

Mambo haya yana gharama nje ya kioo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, nalo likaua. Miongoni mwa vijana wanaorundika matofali yasiyo na uzito wamo watakaotia saini ramani za majengo ya kweli.

Vipindi viwili vinatosha. Katika cha kwanza wanafunzi wajenge wapendavyo. Katika cha pili wafunge kompyuta, wafungue madaftari na kukokotoa mzigo wa kila ghorofa hadi kwenye msingi. Shule isiyo na kompyuta ianze na mizani na tofali moja la udongo.