Mshtakiwa Apewe Tarehe



Wapo miongoni mwetu wasemao: «Mhalifu hahitaji tarehe ya kesi, na aozee gerezani.» Neno hilo sharti likanushwe. Katiba yetu ya mwaka 2006 yaagiza kwamba aliyekamatwa asishikiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa kwa mamlaka ya sheria. Ahesabiwe hana hatia hadi hukumu ya mwisho. Na kesi yake isikilizwe katika muda wa kiasi. Asiyepangiwa siku ya kusimama mbele ya hakimu amekwisha kuadhibiwa, na hakuna aliyetia sahihi adhabu hiyo.

Twaambiwa kwamba hapa kwetu haiwezekani: Mahakama ya Rufaa iko mbali, na barabara ni mbaya. Tukumbuke basi Baraka, mwaka 2011. Tarehe 1 Januari askari waliwabaka wanawake wa Fizi. Mahakama ya kijeshi haikungoja mashahidi wapande hadi Bukavu. Majaji wenyewe walishuka Baraka. Washtakiwa 11 walifikishwa mbele yao, na wanawake wakasikilizwa. Tarehe 21 Februari hukumu ikatolewa: Luteni-Kanali Kibibi Mutware alipewa miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Mshtakiwa mmoja alionekana hana hatia.

Barabara ilikuwa ile ile. Ni kweli kwamba fedha za safari ile zilitoka kwa wafadhili wa kigeni. Lakini hiyo ni aibu ya Serikali, wala si udhuru wake. Na yule mmoja aliyeachiliwa ndiye jibu kwa wasemao «na aozee». Bila tarehe angeoza pamoja na wenye hatia, nao wanawake wangekosa hukumu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ya mshtakiwa na ya aliyedhulumiwa.

Felisi alimwacha Paulo kifungoni miaka 2, akitumaini kupewa fedha. Festo aliposhika madaraka, alimsikiliza baada ya siku chache tu. Sheria ilikuwa moja. Watawala ndio waliotofautiana.

Basi mnapowapelekea wafungwa unga na sabuni, mwulizeni kila mmoja: ulikamatwa lini, na siku yako ya kesi ni ipi? Andikeni majina ya wasio na tarehe, na wakubwa wa parokia wayafikishe kwa mwendesha mashtaka. Akikaa kimya, rudini mwezi ujao na orodha ile ile.