Maji hayasafishwi na chujio peke yake

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa kambi,

Wengi wanasema: kampani inunue tu mashine ya membrani, maji machafu yatarudi kuwa safi, na kazi imekwisha. Mimi sikubali.

Membrani ni chujio lenye matundu madogo sana, jicho haliyaoni. Pompi inasukuma maji yapite humo. Yakifika na udongo, mafuta au chuma, matundu yanaziba. Vijidudu navyo vinajenga utelezi juu yake. Basi pompi inasukuma kwa nguvu zaidi, umeme unaliwa bure, na maji yanatoka kidogo. Halafu mutu anatumwa kuosha membrani kwa soda kali na asidi. Huyo mutu ni ndugu yetu. Macho yake na mikono yake ndiyo yanayolipa deni la uvivu wa wengine.

Tazameni eMalahleni, Afrika ya Kusini. Tangu mwaka 2007 maji yenye asidi yatokayo katika migodi ya makaa yanasafishwa huko mpaka watu wa muji wanayanywa. Lakini hayapelekwi mbio kwenye membrani. Kwanza yanatiwa chokaa ili kuvunja asidi. Chuma na madini mengine yanageuka tope, yanatua chini. Ndipo yanachujwa.

Kule Windhoek, Namibia, wanakunywa maji yaliyotoka katika machafu ya nyumba tangu 1968. Katika kiwanda chao kipya cha mwaka 2002, dawa ya chuma inakusanya uchafu, mapovu ya hewa yanaupandisha juu, muchanga unachuja. Membrani inakuja karibu na mwisho. Tena maji ya viwanda yanatengwa na yale ya nyumba, yana njia yake. Hiyo ndiyo akili ninayoipenda: uchafu unazuiwa pale unapozaliwa.

Sisi je? Nimeona kwa macho yangu fundi wa garaje akimwaga mafuta ya mota katika mufereji, kisha analaumu watu wa maji! Nawe mama, mafuta ya kukaangia yaliyochoka, unayapeleka wapi?

Ninaomba makapita waweke pipa lenye kifuniko karibu na kila garaje, na mutu wa kulitoa kila juma. Atakayemwaga nje asikatwe mushahara. Avalishwe miwani na glavu, asimame saa moja pale membrani zinapooshwa, atazame.