Tuache kumimina mafuta ya direksio, tutafute mahali yanapotokea

Ndugu wanachama, ukipita nyuma ya depo yetu asubuhi, mbele shofa hajawasha motere, utaona alama nyekundu chini ya kamio. Ile alama iko pale tangu mavuno ya maharage. Watoto wanairuka tu. Na sisi wakubwa tumeizoea.

Mimi niko katika komite ya usafiri, kwa hiyo makosa ni yangu pia. Kila juma tulinunua litre moja ya mafuta ya direksio, shofa akamimina, safari ikaendelea. Katika kitabu cha kesi tuliandika "mafuta" tu, pamoja na mazutu, na ile litre ikapotea ndani ya hesabu. Siku nilipokaa na fakitire zote, nilihesabu litre 26. Direksio nzima ya kamio kama yetu haichukui hata litre 5. Kumbe tumeijaza upya mara tano, na yote imekunywa udongo!

Halafu ikafika siku ya kahawa. Tulikuwa tunateremka kuelekea Nyabibwe, mzigo umejaa, mama wanne wamekaa juu ya mifuko. Katika kona, vola ikawa ngumu kama jiwe. Mafuta yakiisha gari bado inageuka, lakini kwa nguvu ya mikono tu, na kwa mwendo wa polepole na mzigo mzito mikono haitoshi. Shofa aliisukuma kwenye ukingo wa mlima, ikasimama. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Lakini kahawa mbivu inatakiwa kutolewa ganda siku ileile. Yetu ilifika kituo cha kuoshea kesho yake, imeanza kuchacha, na wakaikataa. Familia ngapi zilikuwa na mifuko yao mle? Hesabuni wenyewe.

Kuna wenzetu wanasema: gari ya zamani lazima ivuje. Mimi sikubali. Mahali panapolowa kidogo bila kudondosha, sawa, tuangalie kila juma. Lakini panapodondosha, pameshaharibika, na mafuta yakipungua pompi inavuta hewa, inaanza kulia, inajila yenyewe. Pompi ni bei kubwa mara nyingi kuliko tiyo. Tena mafuta yale yakidondokea bomba la moshi likiwa la moto, yanaweza kuwaka.

Kutafuta si kazi ya uchawi. Kwetu ilichukua asubuhi moja. Kwanza tuliosha upande wa mbele kwa sabuni, tukakausha, maana kwenye uchafu wa miaka kumi huoni kitu. Tukatandika kartoni chini. Mmoja akawasha motere na kuzungusha vola kushoto na kulia, bila kuishikilia mwisho kwa muda mrefu, na mwingine akaangalia kwa tochi, mikono mbali na mkanda wa motere. Mafuta hutiririka kwenda chini, basi pale yanapodondoka sipo yanapotoka: fuata unyevu mpaka juu kabisa. Sisi tulikuwa tunalaumu bwati ya direksio, kumbe ilikuwa tiyo ya presio, imepasuka karibu na pompi.

Hapa niseme wazi. Tiyo ya kurudisha mafuta haina nguvu nyingi. Kolie mpya, au tiyo mpya ya aina inayovumilia mafuta, inatosha. Tiyo ya presio ni habari nyingine. Ndani yake nguvu inaweza kupita bar 70, na pneu ya gari yako haifiki 10. Ukiifunga kwa mpira wa kinga, kama tulivyofanya mara mbili, unajidanganya. Ibadilishwe nzima, na rondeli zake za shaba ziwe mpya.

Na zile chupa za dawa ya kuziba wanazouza sokoni? Zinaweza kulainisha mpira uliokauka, kwa muda. Tiyo iliyopasuka haziponyeshi. Baya zaidi ni kumimina mafuta ya fre kwa sababu njo yaliyopo. Yale yanavimbisha na kuharibu mipira ya direksio yote. Soma kifuniko cha kibuyu au kitabu cha gari: magari mengi ya zamani yanataka mafuta mekundu ya bwati otomatiki, lakini si yote.

Baada ya kubadilisha, fundi aliinua magurudumu ya mbele, akazungusha vola mara nyingi motere ikiwa imezimwa, akaongeza mafuta, akarudia mpaka mapovu yakaisha. Ndipo akawasha. Fundi anayeruka kazi hii, msimlipe kwanza.

Kwenye mkutano mkuu nitaomba mambo mawili. Mafuta ya direksio yaandikwe kwenye mstari wake, si pamoja na mazutu, ili kila mwanachama aone. Na shofa awe na haki ya kukataa kuondoka akiona alama chini ya gari, hata kama rais wa koperative amekaa kwenye kabini na ana haraka. Najua hili la pili litaleta maneno. Nitalileta hata hivyo, na wale mama wanne wameniambia watakuwepo.